Niliondoka na Shangazi, Nikarudi na Treni

Ndugu zangu wa Majengo, na nyie wa huku Misunkumilo mnaonisimamisha njiani, nimechoka kueleza. Tangu nishuke pale stesheni kila mtu ananiuliza swali lilelile: "Kapteni, uliondoka na ndege, mbona umerudi na treni?" Sokoni kuna aliyesema nimeiuza. Mwingine, ambaye namjua na mwenyewe anajijua, ametangaza kwamba niliiangusha porini nikatoka kwa miguu. Uongo huo umeshafika Mwese, na barabara ya Mwese mnaijua ilivyo. Basi nimechukua daftari la mjukuu wangu, nimekaa barazani, naandika mara moja tu. Someni, mpokezane, mkimaliza mnirudishie, maana kurasa za mbele zina hesabu za mtoto.

Kwa wageni wasiotufahamu, mimi ni Mfipa, rubani mstaafu wa serikali. Ndege yangu ina injini mbili za pistoni na viti sita, na ilitengenezwa kabla wengi wenu hamjazaliwa. Niliinunua pamoja na fundi wangu Sadala, Mnyamwezi wa Tabora, kutoka kwa mzungu mmoja wa uwindaji aliyekuwa anafunga virago. Ni yetu nusu kwa nusu. Injini ya kulia ni yangu, ya kushoto ni ya Sadala, na ikikohoa moja, mwenye nayo hutaniwa wiki nzima. Watu wa Majengo waliipa jina la Shangazi kwa sababu huja bila taarifa na akifika kila mtu anainuka. Shangazi amebeba masista, wajawazito, karatasi za mitihani, vifaranga, na mara moja jeneza.

Safari yenyewe ilikuwa ya Dar es Salaam. Kila mwaka lazima ndege ikaguliwe na mimi nipimwe na daktari wa marubani. Mmoja wetu akikataliwa, ndiyo basi. Mwaka huu kila mtu alimhofia Shangazi, nami nikiwa wa kwanza. Injini zilikuwa zimechoka, rangi ilikuwa inabanduka, na uvumi ulikuwa umetufikia kwamba mkaguzi mpya hana huruma na vikongwe. Sikulala vizuri kwa wiki mbili. Bila ndege ile sikujua ningeamka asubuhi nifanye nini.

Mke wangu, Mama Agripina, alinisindikiza hadi kiwanjani. Akanikabidhi chupa ya chai na mahindi ya kuchemsha.

"Baba Agripina, ukifika mwambie huyo daktari akutazame macho vizuri. Jumapili umempita Padri mlangoni bila kumsalimia."

"Padri alisimama upande wa jua."

"Saa moja asubuhi, jua gani?"

Nikamwambia kwamba Shangazi anangoja.

Mpanda hadi Inyonga

Tulijaza petroli ya ndege kutoka kwenye pipa, kwa pampu ya mkono, ikichujwa kwenye ngozi laini. Sadala alipampu, mimi nikashika ngozi. Kazi hiyo huchukua saa nzima na ndiyo saa ya utani.

"Nyie Wafipa mmeharibikiwa," alisema. "Babu zako walikwenda Dar na kurudi kwa ungo, usiku mmoja, bila tone la petroli. Wewe unahangaika na mapipa."

"Na babu zako walikwenda kwa miguu, pembe ya ndovu begani. Pampu, mpagazi."

Tulipaa saa mbili asubuhi. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, mapori yanachomwa moto, na moshi umetanda hadi juu. Tulikuwa na sanduku la chanjo, limezungushiwa barafu, la kuacha zahanati ya masista Inyonga. Ilikuwa tutue, tushushe, tuondoke.

Jambo moja mlijue kuhusu Sadala. Mtu huyu akipanda ndege hafungi mdomo. Haongei mambo ya maana, anahesabu dunia. "Mfipa, kulia kuna moto mkubwa. Kushoto tai wawili. Ona ng'ombe wa Wasukuma wale, kulia, mamia. Kushoto kuna paa jipya la bati." Mwanzoni hakuwa hivyo. Ameanza mwaka huu na mwaka jana, nami nilidhani ni uzee.

"Sadala, unaongea kama redio yenye betri mpya."

"Betri za kwetu hazifi. Kulia, tai mwingine."

Inyonga tukatua vizuri kabisa kwenye nyasi. Mwisho wa kiwanja nikawa nageuza ndege ili turudi upande wa zahanati. Wakati huo sanduku la chanjo likateleza, Sadala akainama nyuma kulidaka, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akanyamaza. Ndipo gurudumu la kulia likagonga kisiki. Tulisikia mlio mkubwa, na Shangazi akalala upande kama mbuzi aliyechoka.

Kisiki kilikuwa kifupi, kwenye nyasi, hatua mbili kutoka kwenye bawa. Niliwalaumu wanakijiji kwa kutokufyeka. Niliilaumu halmashauri, mvua ya mwaka uliopita, na aliyekata mti ule bila kung'oa shina. Sadala alikizunguka kisiki, akakitazama, akanitazama mimi. Halafu akaenda kutafuta jeki.

Inyonga, siku mbili ambazo hazikuwa kwenye mpango

Masista walitupokea kwa furaha, kwanza kwa sababu ya chanjo, pili kwa sababu walikuwa hawajapata mgeni mwezi mzima. Walituazima jeki ya Landrova yao. Sadala alimwinua Shangazi, akamwekea magogo, akatoa gurudumu, akalikokota hadi kwa fundi baiskeli. Mpira wa ndani ulikuwa umepasuka urefu wa kidole. Fundi baiskeli aliukagua kwa heshima, akauliza ni baiskeli ya namna gani. Walikata kiraka kutoka kwenye mpira wa trekta na kukibandika kwa gundi, kikaachwa kikauke chini ya jiwe hadi kesho yake.

Jioni tulikula ugali wa muhogo na uyoga uliokaushwa, uliopikwa kwa karanga. Baadaye ikaletwa asali nyeusi ya msituni kwenye bakuli. Mimi ni mtu wa asali. Nilikula hadi Sista Mkuu akauliza kama Mpanda kuna njaa.

Asubuhi tulikwenda na gurudumu letu kiwanjani tukiimba. Tulipokaribia niliona Sadala amesimama.

"Mfipa, usiende. Puani kuna watu."

Hawakuwa watu. Puani kwa Shangazi kuna sehemu ya mizigo, yenye kimlango upande wa kulia. Sadala alitoa vifaa humo jana yake na hakufunga. Kundi zima la nyuki lilikuwa limehamia. Walining'inia ndani kama gunia, wengine wakiingia na kutoka kwa utaratibu, kama ofisi iliyofunguliwa zamani. Na pembeni ya kimlango, kwenye rangi yangu, mtu alikuwa amekwaruza kwa kisu mistari miwili ya mshazari na kiduara katikati.

"Nani amechora ndege yangu?" Nilipaza sauti hadi ng'ombe wakageuka.

Mwanamume mmoja akainuka kutoka kivulini, ana kaptula ya kaki na tabasamu. Jina lake Maganga, Mkonongo, mrina asali.

"Shikamoo, Kapteni. Ni mimi. Lakini sijachora ndege. Nimetia alama nyuki."

Nilimuuliza tofauti yake nini. Akanieleza taratibu, kama ninavyoeleza abiria mkanda. Huko kwao, mtu akikuta nyuki kwenye mti wenye shimo, hukata alama ya ukoo wake kwenye gome. Tangu hapo nyuki wale ni wake, na hakuna mtu atakayewagusa, hata akipita na njaa. Alipita alfajiri, akakuta nyuki, akatia alama. Alidhani ndege imekufa, maana ililala upande, haina mguu, imewekewa magogo.

"Basi watoe nyuki wako niondoke."

"Nitawatoa. Mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita!"

"Ndipo asali inaiva, Kapteni."

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilikuwa na hakika nitashinda, kwa sababu nilivaa shati la kirubani. Mwenyekiti alisikiliza pande zote mbili, akauliza ile alama ikoje, akatikisa kichwa.

"Kapteni, hapa miti yote ni ya serikali. Lakini nyuki wa ndani ya mti ni wa aliyetia alama, na serikali yenyewe inajua. Kwa hiyo ndege ni yako. Hatubishani. Nyuki ni wa Maganga."

Nikamgeukia Sadala anitetee. Mnyamwezi yule akanyoosha mikono. "Hata kwetu ni hivyohivyo, Mfipa. Alama ni alama. Ukiwaua nyuki wa mtu, usirudi Inyonga tena, na mimi usinitaje."

Wala nisingeweza kuwafukuza kwa nguvu. Dawa ya nyuki ni moshi, na mabawa yale yalijaa petroli. Nilikaa kwenye jiwe, nikahesabu siku zilizobaki kabla ya ukaguzi. Zilikuwa nne. Hasira ikaniisha, ikabaki hofu tupu. Nikamwambia Maganga ukweli: kwamba ndege hii ikichelewa itafungiwa, na ikifungiwa sitapata nyingine maisha yangu yote.

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," alisema. "Ulianza na rangi."

Alirudi saa kumi na moja jioni na mzinga mtupu wa gome, umepakwa nta kwa ndani. Akautundika kwenye nguzo, karibu na kimlango. Hakuvaa kitu usoni. Aliingiza mkono wake mtupu ndani ya yale maelfu, akachota kwa kata ya kibuyu, akamimina mzingani, akachota tena, huku akiwasemesha kwa Kikonongo. Alikuwa anamtafuta malkia. Alipompata, wengine walimfuata wenyewe, safu kwa safu, hadi jua likazama. Sadala alisogea karibu ili aone vizuri, akang'atwa kwenye kope na kwenye sikio. Nilicheka mpaka nikashika bawa.

Nilimshukuru Maganga, nikachukua kitambaa nifute alama. Akanishika mkono.

"Hiyo haifutwi na mwenye mti, Kapteni. Naifuta mimi, nikishavuna. Na sijavuna."

Tukaondoka nayo.

Inyonga hadi Tabora

Kipande hiki ni kifupi na kilikuwa kitamu. Asubuhi hewa ilikuwa imetulia, moshi umelala chini mabondeni. Injini mbili zikiwa hazijalingana, ndege hulia wou-wou-wou, sauti inapanda na kushuka, nanyi wa Mpanda mnaijua, ndiyo inayowatoa nje. Unasogeza vishikio kidogo kidogo hadi zote mbili ziimbe sauti moja. Ikitokea, unasikia raha kifuani. Nimerusha ndege miaka thelathini na hadi leo sijaizoea raha ile. Nilimtazama Sadala, jicho moja limevimba kama andazi, anahesabu madaraja ya reli kulia na kushoto, nikajiona mwenye bahati kuliko wengi.

Tabora tulijaza petroli. Wakati natembeza ndege kuelekea kwenye mapipa, Sadala alikanyaga breki za upande wake ghafla. Mkokoteni wa mizigo ulikuwa mbele ya bawa la kulia, mwendeshaji wake amechuchumaa chini, mikono kichwani.

"Kulia, Mfipa," Sadala alisema polepole. "Nilikwambia kulia."

"Jicho lako bovu limeona, mimi sijaona?"

Niliona nimetania vizuri sana. Tulikula sambusa za nyama kwa chai ya tangawizi, na alizila bila kusema neno, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia.

Tabora hadi Dar es Salaam

Tulilala Dodoma kwa sababu ya mawingu ya mlimani upande wa Morogoro. Mwenye nyumba ya wageni alituandika kama madereva wa lori. Tulipomwambia ni ndege akasema sawa, ila maegesho ya uani ni ya gari moja tu.

Kesho yake tulipita juu ya mawingu, na Dar es Salaam ikajitokeza, joto linapanda hadi ndani ya ndege. Wakati wa kutua Sadala alisema mfululizo, kila ndege, kila gari, kila kunguru. Muongozaji wa mnarani akauliza redioni ni nani anayeongea nyuma yangu. Nikamjibu ni fundi, ana homa.

Dar es Salaam

Mkaguzi mpya alikuwa kijana, miwani, kalamu tatu mfukoni. Alimfungua Shangazi kwa siku mbili. Alipima mgandamizo wa kila silinda, akapitisha taa ndani ya mabawa, akagonga kila mahali. Alikitazama kiraka cha mpira wa trekta kwa muda mrefu, akaagiza mpira mpya. Akauliza mistari ile ya puani ni nini. Nikamwambia ni alama ya mwenye nyuki. Akaandika kitu, sijui nini.

Siku ya tatu asubuhi akasema, "Mzee, sijawahi kuona ndege ya umri huu iliyotunzwa hivi. Fundi wako ni nani?"

Sadala alitoka nje. Nilimkuta nyuma ya banda anajifuta uso kwa tambara la grisi. Tulikumbatiana, tukanunua mihogo ya kukaanga, tukala tumesimama. Nilimwambia, "Nipitie kwa daktari mara moja, mpira ukifika tunaondoka."

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Moyo, sawa. Mapafu, sawa. Herufi za ukutani nilizisoma hadi mstari wa mwisho, nikataka kumsomea na jina la mpiga chapa. Kisha akakaa mbele yangu, akaniambia nifunike jicho moja, nitazame pua yake, naye ataleta kalamu kutoka pembeni. Nikiiona niseme.

Nikatazama pua. Nikangoja. Nikaona anachelewa.

"Daktari, anza basi, nina safari."

"Nilishaanza, mzee," akasema. "Kalamu iko karibu na shavu lako."

Nikadhani anatania. Nikageuza kichwa, kalamu ilikuwa pale.

Inaitwa presha ya macho. Haiumi. Inakula kutoka pembeni, kidogo kidogo, na katikati unabaki unaona vizuri, kwa hiyo hujui. Alisema dawa ya matone itazuia kilichobaki, lakini kilichokwenda hakirudi. Alisema pia kwamba hawezi kunipa cheti, si mwaka huu wala mwaka mwingine, na alisikitika kweli, nilimwona. Nilimuuliza kama ana hakika. Akarudia kwa jicho la pili. Kisha akanipa glasi ya maji.

Nilirudi bandani kwa miguu. Sadala alikuwa anafunga boneti ya injini yake. Hakuuliza. Alinitazama tu, akaweka spana chini, na hapo nikaelewa.

"Ulijua," nikamwambia.

"Tangu mwaka jana. Ulipokaribia kumgonga punda kiwanjani."

"Na hukuniambia!"

"Ningekwambia ungeacha?" Akakaa kwenye tairi. "Wewe Mfipa ungeacha? Ungesema Mnyamwezi ana wivu. Nikaona bora nikuonyeshe. Unadhani napenda kuongea hivyo? Koo linaniuma. Pale Inyonga nilinyamaza dakika moja tu."

Nilikuwa na hasira naye, tena kubwa. Nilifikiria masista. Nilifikiria yule mama wa Mwese aliyejifungulia hewani, mikono yake imeshika kiti changu. Wote hao niliwabeba nikiwa naona nusu ya dunia, na nusu nyingine inasemwa na mtu ninayemwambia anyamaze. Niliona aibu, na aibu ile bado ninayo. Nilimwambia Sadala maneno ambayo sitayaandika kwenye daftari la mtoto.

Aliyapokea yote. Kisha akasema, "Kuna rubani hapa, kijana wa Bukoba, hana kazi, mikono yake mizuri. Nitaongea naye. Mpira mpya ukija turudi wote. Kiti chako kipo."

"Kiti gani? Cha nyuma?"

"Cha nyuma."

"Sirudi Mpanda nimekaa nyuma ya ndege yangu kama gunia la sembe. Ibebe, irushe, iuze, ni yako."

Nikaenda stesheni.

Treni

Kutoka Dar hadi Tabora sina la kusimulia, nilitazama dirishani na sikuona kitu, na safari hii si kwa sababu ya macho.

Tabora tulingoja treni ya Mpanda siku nzima. Kaliua tukangoja tena. Baada ya hapo, kabla ya mto Ugalla, injini ikafa katikati ya pori, mbung'o wakaingia kwa madirisha yote bila tiketi. Tulikaa saa tisa. Mimi, ambaye hupita pale juu kwa dakika tano, nilipata nafasi ya kuujua kila mti.

Behewa la daraja la tatu lilijaa. Mbele yangu alikaa Msukuma mmoja, yeye na mke na watoto watano, wanahamia huku kwetu. Ng'ombe wake walikuwa wametangulia kwa miguu na wadogo zake. Alinipa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kutoka kwenye mfuko, nikamgawia mahindi ya Kaliua.

"Mzee, mvua ya Mpanda ikoje?"

"Nzuri, kuanzia Novemba."

"Wewe kazi yako nini huko?"

Nilifungua mdomo na jibu la miaka thelathini, nikalibadilisha njiani. Nikasema, "Nilikuwa rubani."

"Rubani wa nini?"

"Wa ndege."

Akatazama behewa, kuku chini ya kiti, suruali yangu yenye vumbi la safari ya siku tano. Akacheka sana, akamtafsiria mke wake kwa Kisukuma, naye akacheka, watoto wakacheka. "Mzee anapenda masihara huyu!" Akaniongezea matobolwa. Nikacheka nao. Nilipomaliza kucheka nikageukia dirisha, nikalia kimyakimya, na ni yule mke peke yake aliyeona. Akampiga mumewe kwa kiwiko. Baadaye mtoto wao mdogo alilala magotini kwangu hadi Katumba.

Misunkumilo

Hapo nilikuwa nimemaliza. Niliandika Jumanne, nikafunga daftari, nikamwambia Mama Agripina awape. Lakini leo ni Ijumaa na lazima niongeze ukurasa.

Jana asubuhi nilikuwa shambani nyuma ya nyumba, napalilia vibaya. Nikasikia wou-wou-wou kutoka mashariki. Jembe likaanguka. Niliijua kabla haijafika juu ya Majengo: injini ya kushoto imetangulia ya kulia, huyo kijana hajui bado kuzilinganisha.

Nikatazama juu. Sikuiona. Nilitafuta kwenye lile anga lote jeupe, huku na huku, na sauti ikawa inapita juu yangu, inakwenda, na mimi nageuka kama kuku aliyekatwa kichwa. Majirani walikuwa wametoka wote, wanaonyesha kwa vidole, na vidole vyenyewe sikuviona.

"Iko wapi?" nikapiga kelele. "Mama Agripina, iko wapi?"

Alikuja mbio, mikono ina unga. Hakusema kulia wala kushoto. Alinishika kidevu kwa mikono miwili, akaninyanyua uso, akaugeuza taratibu.

"Ile pale."

Nikaiona. Ilikuwa katikati kabisa, pale ambapo bado naona vizuri kuliko nyie wote, ndogo, nyeupe, mabawa yamenyooka, injini yangu na ya Sadala zinafanya kazi. Mama Agripina hakuniachia. Aliushika uso wangu vilevile, akaufuatisha na ndege polepole, ikazunguka mji, ikashuka, mpaka ikatua.